Lango Nyuma ya Nyasi

Bustani ya Chuo
2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana najua ukisoma umesimama unaruka mistari. Mimi mzima, isipokuwa mikono, ambayo siku hizi ina rangi ya udongo hata nikiisugua kwa jiwe. Mwambie Mama Cherehani kwamba gauni alilonishonea bado linanibana palepale alipoapa kuwa litalegea.

Ombi lako limenishangaza. Nimelisoma mara kadhaa: “Kitu kirefu, kinachoota haraka, kisicho na miiba.” Wewe, Shangazi? Uliyekuwa ukisema bustani ni kazi ya watu wasio na vyombo vya kuosha? Sikuulizi. Nimefurahi, kwa sababu hatimaye umeniomba kitu ninachokijua.

Nimempa dereva wa lori la chuo gunia la vipando. Ni nyasi za mapambo, ndefu kuliko mtu aliyeinua mkono. Masuke yake hutoka na rangi ya shaba, kisha hupauka yakawa kama mvi. Zipande kwenye ukuta wa upande wa jua, na uache nafasi ya hatua moja kati ya shina na shina. Mwanzoni zinataka maji kila siku, baadaye zitajitafutia. Vaa mikono mirefu, maana majani yake yanakata kama wembe.

Baba hakuandika mstari wake chini ya barua yako. Tangu niondoke hajawahi kuukosa, hata kama ni “KULA VIZURI” kwa herufi nene za bango la hoteli. Mtu aliyeishi kwa kuchora mabango ya watu, anashindwaje mstari mmoja wa mwanawe? Au mkono unamuuma?

Mwanao,
Kijiti


Nyumbani
30 Machi

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Nimeketi, ndiyo, kwenye kile kiti cha jikoni chenye mguu wa kufungwa kamba, kwa hiyo ukiona mwandiko umeruka ujue ni kiti.

Gunia limefika likiwa bado na unyevu. Dereva aliniuliza kama nimefuga ng'ombe. Nikamwambia ndiyo, tena anavaa miwani. Alicheka mpaka akasahau kunidai chai.

Nimepanda, ila si ukutani. Nimepanda pale ninapopahitaji. Mama Cherehani aliniona nimeinama, akaja akaegemea ukuta wake na sindano yake mdomoni.

“Jirani, wenzako wanafyeka majani, wewe unayapanda?”

“Haya ni ya mapambo.”

“Ya mapambo! Basi nyoka watapata pa kupigia picha.”

Lakini ndoo ya kwanza ya maji aliibeba yeye.

Baba yako mzima. Mkono, kama ulivyosema, unamsumbua kidogo. Anakusalimu sana. Soma, mwanangu. Sisi tupo.

Shangazi yako


Bustani ya Chuo
11 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua imekatika na tumeanza kupogoa. Msimamizi wetu ni mtu asiyecheka. Juzi nilimwona akiiomba radhi miche aliyoikanyaga, nikaanza kumpenda kidogo.

Zimefika wapi nyasi zako? Huna haja ya kupima kwa rula, pima kwa mwili: goti, kiuno, bega. Usizitie samadi nyingi. Nyasi zikishiba sana hulegea, zikalala chini kama walevi. Ziache na njaa kidogo ndipo zisimame.

Nikuambie kwa nini nazipenda, hata kama utanicheka. Ua linakuomba ulitazame. Nyasi haziombi kitu. Zinasimama tu kati yako na kitu kingine, na upepo ukipita unasikia kama watu wanaoongea chumba cha pili bila kugombana. Nikiwa nazo ndipo ninapopumua.

Mwezi uliopita nilimwandikia Baba barua ya peke yake. Hajajibu. Umesema ni mkono. Basi akuambie maneno, wewe uyaandike. Hata matusi nitayapokea.

Mwanao,
Kijiti


Nyumbani
20 Agosti

Kijiti wangu,

Marahaba. Usinune kwa kuchelewa kwangu. Barua yako ilizunguka. Mleta barua alipita barabarani akapita tena, hakuona lango, akarudi nayo posta akidai nyumba imehama. Nyasi zimelimeza lango lote, si unajua lile ni la wavu, basi zimepenya zikajitupa mpaka nje. Mtu akiwa barabarani anaona nyasi tu, akiwa uani anaona nyasi tu. Sasa barua zako anaziacha kwa Mama Cherehani, naye hazifungui, anazipapasa tu.

Ulisema nipime kwa mwili. Zimenipita mimi, zimempita na baba yako. Anazipenda! Asubuhi anaweka kiti mbele yake, anazitazama zikipinda, wakati mwingine kidole chake kinazifuata hewani kama anachora. Tangu zimpite urefu ametulia, nashukuru, na mimi ninalala.

Barua yako anayo mfukoni mwa shati. Hataki shati lifuliwe.

Tumia mafuta kwenye mikono yako. Udongo si pambo.

Shangazi yako


Bustani ya Chuo
15 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Nilicheka kuhusu mleta barua, kisha kicheko kikaniishia. Kwa nini umepanda langoni? Mnapita wapi? Na umesema ametulia. Mtu hutulia kutoka kwenye jambo. Lipi? Na kwa nini ulikuwa hulali?

Nakujua, Shangazi. Unaandika kama unavyofagia: kila kitu kinakwenda pembeni, na katikati panabaki safi. Mimi naomba unionyeshe uchafu. Niko mbali kiasi kwamba hata nikijua jambo baya siwezi kufanya kitu, lakini kutojua nako kunanitafuna.

Tutapewa wiki mbili mwisho wa mwaka. Wenzangu wanakwenda kwao. Mimi nimechagua kubaki, maana miche ya kitaluni haina mtu wa kuiangalia. Nadhani utanielewa.

Kijiti


Nyumbani
10 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama Cherehani ameng'oa jino na anataka dunia nzima ilione shimo.

Maswali yako ni mengi, na mimi nina mdomo mmoja. Tunapita mlango wa jikoni, tunatokea uani kwa Mama Cherehani. Ni njia fupi, tena ina kivuli. Umeridhika?

Kuhusu miche, sikulaumu. Miche haimsahau mtu aliyeimwagilia maji.

Sasa nijibu mimi. Nyasi zimekauka zote. Zimekuwa za rangi ya karatasi ya sukari na zinalia usiku kucha zikisuguana. Jirani wa nyuma anavuta sigara na ninaogopa moto. Katikati ya mashina naona pameanza kuwa peusi. Je, zinakufa? Na je, naweza kukata nusu nikabakiza nusu, kisha hiyo iliyobaki nikaikata zile za kwanza zikishaota? Nijibu hilo tu. Mengine yasubiri.

Shangazi yako


Bustani ya Chuo
4 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nimefurahi kupata swali lenye jibu.

Hazifi, zimelala. Lakini weusi ule ni dalili: usipozikata, moyo wa shina utaoza. Usikate nusu. Ukikata nusu utapata bustani yenye vichwa viwili, kikuukuu na kipya, na itakuudhi mwaka mzima. Kata zote, siku moja. Fanya hivi: zungushia kila shina kamba, lifunge kama mzigo wa kuni, kisha kata kwa msumeno chini ya kamba, urefu wa ngumi kutoka ardhini. Litaanguka zima, wala hutaokota jani moja moja. Usibakize shina hata moja kwa huruma.

Na usichelewe. Ikinyesha kabla hujakata, maji yataingia kwenye moyo na hutakuwa na nyasi tena. Utashtuka pale patakavyokuwa peupe. Usijali. Mvua mbili tatu tu, zitakuwa zimerudi.

Mwambie Baba asihuzunike. Nitaleta nyingine zenye masuke meupe.

Mwanao,
Kijiti


Nyumbani
9 Januari

Mwanangu Kijiti,

Naiandika hii kabla jibu lako halijafika, kwa sababu nikilisubiri nitaogopa tena.

Kaka yangu ananijua asubuhi. Jioni ananiita Mama. Wewe anakujua ukiwa mtoto wa shule tu. Barua yako aliniuliza imetoka kwa mwalimu yupi.

Kabla ya nyasi, kila asubuhi alikuwa akichukua kopo lake la brashi aende kumalizia bango la duka la viatu. Duka lile lilibomolewa wewe ukiwa bado hujamaliza shule. Safari ya kwanza alirudishwa na mtu wa baiskeli. Safari nyingine alilala nje. Tulimkuta kwenye mfereji mkavu, amevua viatu, ameviweka pembeni vizuri kama mtu aliyefika mlangoni kwake. Nilitia kufuli, akalivunja kwa nyundo. Nilisimama mbele ya lango, akanisukuma nikaanguka, kisha akakaa chini akalia kuliko mimi.

Siku moja nilianika godoro juu ya lango. Alishinda ametulia. Hapo ndipo nilipojua: asipoliona lango, halikumbuki. Kwake linakuwa halipo, na barabara haipo, na duka halipo. Anabaki na sisi. Ndipo nikakuandikia uniletee kitu kirefu.

Sikukuambia kwa sababu aliniapisha, wakati bado anajua anachoapisha. “Kijiti asijue mpaka amalize. Akijua atarudi, na akirudi hatamaliza.” Nami nilijiambia huenda atapona wewe ukiwa bado unasoma. Haponi, mwanangu. Kila siku anapungua, kama sabuni.

Ndiyo sababu nimeuliza habari ya nusu. Kufuli jipya sijaweka. Fundi alisema lango lote limeoza, halitashika kufuli. Nyasi ndizo kufuli.

Usije mbio. Maliza. Lakini usiniulize tena kwa nini silali.

Shangazi yako


Bustani ya Chuo
2 Februari

Shangazi, usikate.

Barua yako imefika leo asubuhi. Usikate hata moja. Kama umeshaanza, acha. Nusu inawezekana. Inawezekana kabisa, hata robo, hata shina moja moja kwa miezi. Niliikataa kwa sababu ya sura tu. Nilikujibu habari ya kupendeza.

Nimekimbilia simu ya chuo, nikapiga duka la kona. Nilimwambia aliyepokea amtume mtu akuite. Akasema, “Dada, hapa hamna wa kutumwa, wote wako nje wanatafuta.” Nikamuuliza wanatafuta nini. Akasema nisubiri kidogo, ana mteja. Nikasikia mtu akiulizia bei ya sabuni, na kopo likianguka, na watu wakicheka. Kisha ikakatika. Tangu hapo nikipiga inalia tu.

Niandikie kwamba kilichopotea ni mbuzi. Niandikie ni mbuzi wa mtu, kafungua kamba, kapatikana.

Kijiti


Nyumbani
3 Februari

Mwanangu,

Jibu lako lilifika. Uliandika zote, siku moja, na usichelewe. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya paa. Nilijiambia: amejibu bila kujua. Kisha nikajiambia: lakini nyasi anazijua, na zikioza hakuna kitu cha kumficha tena, si mwaka huu si mwaka ujao. Nisingeweza kusubiri barua ishindane na mvua.

Nilifunga kamba kama ulivyosema. Zilianguka vizuri, nzimanzima. Ulikuwa kweli umesoma.

Nilijipanga, usifikiri sikujipanga. Nilitandaza mashuka kwenye kamba mbele ya lango, yote tuliyonayo, hata lile la mama yako. Nilikumbuka godoro. Sikukumbuka kwamba godoro ni zito. Mama Cherehani alikuwa akimnywesha baba yako chai uani, nami nabeba mizigo ya majani kuipeleka nyuma. Mteja alimwita Mama Cherehani, akaenda kumpa nguo yake. Ni kitambo hicho tu.

Nyasi hakuwahi kuzigusa. Lakini shuka mtu huliinua. Mteja yule, aliyekuwa akitoka, alimwona: alilishika kwa vidole viwili, akaliinua kwa adabu, kama mtu anayeingia sebuleni kwa wakubwa, akainama akapita. Alikuwa na kopo la brashi. Mteja alimwamkia, naye akajibu vizuri, “Marahaba, ninawahi kazini.” Huyo mteja angejuaje?

Ilikuwa siku ya tarehe ishirini na tisa. Tumekwenda lilipokuwa duka la viatu, tumekwenda mferejini, hospitali, kituo cha polisi, kila mahali penye bango alilolichora. Kijiti, mabango yake yamejaa mji huu. Sikujua ni mengi hivyo. Kila ukuta umeandikwa na mkono wake, na yeye hayupo kwenye hata mmoja.

Mvua ilinyesha jana. Nyasi zilikuwa zimeshakatwa. Hazitaoza.

Shangazi yako


Bustani ya Chuo
26 Februari

Shangazi,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako inanijibu, wala haikuwa imenisoma.

Nimeomba ruhusa. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akasema niende, ila fomu ipite kwa mkuu, na mkuu amesafiri. Nimepakia sanduku. Ninalala nalo miguuni. Kila asubuhi nalifungua nachukua nguo moja, jioni nairudisha. Wanadhani nimechanganyikiwa, labda ni kweli. Huenda ugonjwa huu ni wa ukoo wetu.

Sitaki kukuandikia kwamba hukukosea, kwa sababu utanijibu kwamba nami sikukosea, na tutakuwa tumepeana vikombe vitupu. Ni mimi niliyebaki na miche. Inatosha.

Nakuandikia jambo moja la kazi. Nyasi hizi zikikatwa wakati wa mvua hupanda kwa kasi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mzizi ni mkubwa na haujui kilichotokea juu. Mwisho wa mwezi ujao zitakuwa kifuani. Baada ya hapo lango halitaonekana kutoka barabarani.

Shangazi, mleta barua ana macho mazima na anwani mkononi, na alilikosa.

Zikate. Kila zinapoota, zikate.

Kijiti


Nyumbani
20 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilifika mikononi mwangu moja kwa moja. Mleta barua ameliona lango. Alisimama akavua kofia, akanipa barua, akaniambia, “Leo pako wazi.”

Hatujampata. Natanguliza hilo ili usilitafute katikati ya maneno. Kituoni wamenizoea, nikitokea mlangoni wananiwekea kiti kabla sijasalimia, na hapo najua hawana jipya. Mama Cherehani ameacha kushona jioni. Anakaa barabarani na taa yake, anasema ndani kuna joto. Hatukumbushani chochote. Tunaongelea jino lake.

Nilikuwa nimeshaanza kukata kabla hujaniambia. Tulifikiri kitu kimoja, wewe huko na mimi huku, na hakuna hata mmoja aliyemsaidia mwenzake. Nimejaribu pia kuzing'oa. Jembe limevunjika mpini. Ulinichagulia kitu chenye nguvu, mwanangu, kama nilivyoomba.

Lango nimeliacha wazi, nimelikaza nyuma kwa waya lisijifunge na upepo. Chini ya kitanda chake nilikuta kopo la rangi ya bluu, ile ya kuchorea bahari kwenye mabango ya sabuni. Nikachukua ubao, nikauandika, nikauning'iniza juu ya lango. Neno moja tu: HAPA. Nimeshindwa kuzipanga herufi. A ya kwanza imenyooka, ya pili imelewa. Angeuona angeukwangua wote aanze upya, na mimi ningemshikia ngazi.

Fomu yako ikipita, njoo. Isipopita, usiibe safari. Ukifika utapita mbele, siyo jikoni.

Leo asubuhi nimekata tena, mpaka usawa wa ngumi. Nimefagia, nimeketi, nimekuandikia. Sasa jua linazama na ninatazama kutoka hapa nilipo. Kila shina limeshatoa ncha, za kijani kabisa, ndefu kama kucha.

Shangazi yako